Ufa Usiozibwa

Mipira ya oili ilikuwa mitatu na mashine ilikuwa na kapla mbili za kuiungia. Fundi hakuona tabu. Ule mpira wa tatu, mwembamba kuliko wenzake, aliuziba kwa plagi ya chuma, akaukaza kwa spana mbili na kuufuta kwa kitambaa. Fyekeo la haidroliki lilikuwa jipya, mota yake haijaona vumbi. Lilizunguka vizuri kwa dakika chache, kisha oili ikaanza kutokea pale shafti inapochomoza kwenye bodi ya mota, kwanza kama jasho, halafu kama bomba la mtaani siku maji yanaporudi. Sili ilikuwa imesukumwa nje ya kiti chake. Ikanunuliwa nyingine, nayo ikatoka siku hiyo hiyo. Lawama zote zikamwangukia muuza sili.

Tumelelewa na methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ni methali njema. Kwa mota ya pistoni, aliyeziba ufa ndiye anayejenga ukuta, na ukuta wenyewe huagizwa kutoka nje kwa dola.

Mashine ninayoizungumzia ni skidi stia, kile kipakiaji kifupi ambacho magurudumu yake hayakunji kona. Upande mmoja huenda kasi kuliko mwingine na tairi zikaburuzika hadi mashine igeuke. Wengi wetu huiita Bobcat, hata pale ubavuni palipoandikwa kwa herufi kubwa jina la kampuni nyingine. Ili kuelewa kwa nini nyingi zina kapla mbili tu, inafaa kukumbuka zilizaliwa kwa kazi gani. Mwaka 1957 ndugu wawili wa Rothsay, Minnesota, nchini Marekani, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfugaji wa batamzinga mashine ndogo ya kusomba samadi ndani ya banda lenye nguzo nyingi. Mwaka uliofuata kampuni ya Melroe iliichukua kazi hiyo, 1960 ikatoa mashine ya magurudumu manne, na 1962 jina la Bobcat likaingia sokoni.

Kusomba samadi kunahitaji mkono unaopanda na ndoo inayoinama. Hizo ni kazi za silinda, na silinda hulipa madeni yake: oili ikiingia upande mmoja, iliyoko upande wa pili husukumwa irudi. Mipira miwili inatosha. Baadaye mashine zilipoongezewa laini ya kuendeshea zana za mbele, nyingi zilipewa njia hizo hizo mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kisha zikaja zana zenye mota kubwa za pistoni: za kusaga vichaka, za kusaga visiki, za kukwangua lami. Hizo zinadai njia ya tatu, laini ya dreni.

Ndani ya mota ya pistoni, oili huingia kwa presha ya bar 200 hivi na kusukuma pistoni kwenye matundu yake. Kati ya pistoni na tundu kuna upenyo mwembamba kuliko unywele, na umeachwa makusudi. Oili inayopenya hapo hulainisha pistoni na beringi, hubeba joto, kisha hukusanyika ndani ya bodi ya mota, ambako laini ya dreni huurudisha mvujo huo tangini. Katika lita 80 zinazopita kwa dakika, zinazopenya kwenye mota yenye afya huwa chache tu. Uchache huo ndio unaomdanganya fundi: kitu kinachochuruzika kidogo kinaonekana kama kasoro inayongoja plagi.

Mlinzi wa bodi hiyo ni sili ya shafti, ambayo kazi yake ni kuzuia oili isitoke na vumbi lisiingie. Haikuundwa kupigana. Katika mota nyingi, bodi huruhusiwa presha ya bar 2 au 3 hivi, karibu sawa na upepo wa tairi la gari dogo. Ukiziba njia ya mvujo, presha ya ndani ya bodi hupanda kuifuata ile ya upande wa kazi. Chukua kifuniko cha bodi chenye eneo la sentimita 100 za mraba. Kikipata bar 200, kinasukumwa kwa nguvu ya tani 20 hivi. Sili iliyotoka mapema imekufanyia hisani. Ingeshikilia, bodi ndiyo ingepasuka.

Wapo wanaokubali kwamba mpira wa tatu lazima uende mahali, ila huuunga kwa kiungo cha T kwenye mpira wa kurudi. Si yote inaishia kwenye tangi? Ndiyo, lakini mpira wa kurudi hubeba lita zote 80, ukazipitisha kwenye kapla, vali, kipoza oili na filta. Kila kituo hudai ushuru, na ushuru huo hulipwa kwa presha. Kukuta bar 10 na zaidi humo ni jambo la kawaida, hasa asubuhi oili ikiwa bado nzito. Presha hiyo ikifika kwenye bodi, umerudi kwa muuza sili. Laini ya dreni lazima iende tangini peke yake, bila kituo njiani.

Kuiongeza si kazi ya miujiza. Anza na tangi. Mara nyingi lina tundu la akiba lililofungwa kiwandani. Kama halina, bamba la juu au shingo ya kujazia huweza kupokea fitingi. Kutoboa tangi ni chaguo la mwisho, na liwe limemwagwa oili na kushushwa, kwa sababu chenga za chuma husafiri hadi kwenye pampu bila kukata tiketi. Mwisho wa laini uwe chini ya uso wa oili, usikoroge povu, na uwe mbali na mdomo wa pampu. Kagua pia kipumulio cha tangi. Tangi lisilopumua nalo ni plagi, ila kubwa zaidi.

Mpira wa nusu inchi hutosha kwa mota nyingi za skidi stia. Upitishe kwenye mkono wa mashine sambamba na ile miwili, kisha inua mkono hadi juu kabisa na utazame kwenye bawaba: ukivutika au kukunjika hapo, utakatika. Kapla yake iwe ya saizi tofauti na zile mbili, ili mtu mwenye haraka ya kurudi nyumbani jioni asije akaunga presha ya kazi kwenye njia ya mvujo. Karibu na tangi huenda ukakuta laini ya dreni ya mota za magurudumu, na utatamani kujiunga hapo kuokoa mita mbili za mpira. Usijiunge. Presha ikiruka kwenye zana ya mbele, sili za magurudumu nazo zitapata habari.

Kabla ya kukabidhi mashine, weka geji ndogo ya presha kwenye dreni karibu na mota, uisome oili ikiwa baridi na tena zana ikizunguka kwa kasi yake yote. Ikizidi kiwango kilichotajwa na mtengenezaji wa mota, kazi haijaisha.

Ikiisha, linabaki suala la mazoea. Kapla ya dreni huungwa kwanza na kuchomolewa mwisho. Sababu ni kwamba kapla ikichomolewa hujifunga pande zote mbili, na ikiwa haijaingia sawasawa huwa imejifunga pia. Hapo ni ile plagi ya chuma imerudi kwa sura nyingine. Zana iliyoachwa juani hadi saa nane mchana oili yake hutanuka ndani ya mpira, na kapla inagoma kuingia. Mwendeshaji aliyechoka huunga mbili zilizokubali na kuiacha ya tatu ikining'inia. Dawa yake ni kulegeza fitingi taratibu, injini ikiwa imezimwa, mpaka presha iishe. Nyundo haimo katika dawa hiyo, ingawa kwenye karakana zetu ndiyo hufika ya kwanza.

Laini hii ina faida nyingine ambayo wachache huitumia: hueleza afya ya mota. Oili inayopita humo kwa dakika moja ikipimwa zana ikiwa mpya, kisha kila baada ya miezi kadhaa katika hali ile ile, kupanda kwake huonyesha mota inavyolika, kabla nguvu haijapungua wala mteja hajalalamika.

Si kila zana inahitaji haya. Mota nyingi ndogo za gia, na zile za obiti zinazozungusha vichimba mashimo na fagio za barabarani, zina vali ndogo za ndani zinazopeleka mvujo kwenye njia ya kurudi. Kama mtengenezaji hakuweka mpira wa tatu wala hautaji kwenye kitabu chake, usimbunie.

Lakini akiuweka, aliuweka kwa hesabu. Basi kabla ya kulipia zana ya mbele, hesabu mipira yake, kisha uende ukahesabu kapla za mashine yako. Zisipolingana, fungu la kwanza la fedha liende kwenye laini ya dreni, na zana ingoje stoo.