Upasuaji wa Moyo: Ateri ya Kifua au Vena ya Mguu?



Baadhi ya familia zetu visiwani zina mzee aliyefanyiwa baipasi ya moyo, akarudi nyumbani na mshono kifuani na mwengine mguuni. Wa kifuani unaeleweka. Wa mguuni huleta masuali: kwa nini ukatwe mguu, na mshipa uliotolewa huko utadumu muda gani?

Moyo hulishwa damu na ateri zake wenyewe. Mafuta yakijikusanya ndani yake, njia hubana. Katika baipasi, daktari hauzibui mshipa ule. Huchukua mshipa mwengine wa mgonjwa mwenyewe na kuuunganisha, ili damu ipite kando ya palipoziba.

Mwaka 1967, Dkt. René Favaloro wa Argentina, akifanya kazi Cleveland, Marekani, alianza kutumia vena ya mguu. Ni ndefu, hupatikana kwa wepesi, na mpaka leo hutumika sana. Lakini vena imezoea kurudisha damu kwa msukumo mdogo. Ikiwekwa penye presha kubwa, ukuta wake hunenepa kwa ndani. Baada ya miaka 10, karibu nusu ya vena hizo huwa zimeziba au zimeharibika.

Ateri ya ndani ya kifua imezoea presha hiyo, na utando wake hutoa kemikali inayolegeza mshipa na kuzuia damu kuganda. Ikiunganishwa na ateri kubwa ya mbele ya moyo, takriban 9 kati ya 10 huwa bado wazi baada ya miaka 10. Ripoti ya Cleveland ya mwaka 1986 ilionesha kuwa waliowekewa ateri hii waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliowekewa vena tupu.

Ipo pia ateri ya mkono. Nayo hudumu kuliko vena, ila hufaa pale mshipa wa moyo ulipobana sana. Pakibana kidogo, damu hufuata njia yake ya zamani na mshipa mpya hujifunga.

Ama kisheria, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, liliruhusu kuhamisha kiungo cha mtu kutoka sehemu moja ya mwili wake hadi nyengine, kwa sharti manufaa yashinde madhara.

Basi kabla ya upasuaji, muulizeni daktari: mtatumia mishipa gani, na kwa nini? Msiogope mkitajiwa vena, kwani wagonjwa wengi huwekewa ateri mbele na vena kwengineko.

Baada ya hapo, ulinzi ni kazi ya nyumba nzima: aspirini na dawa ya kushusha mafuta kila siku kama daktari alivyoandika, kuacha sigara, na kudhibiti sukari na presha. Mgonjwa kujihisi mzima si ruhusa ya kuacha dawa. Ramadhani ikikaribia, muulizeni daktari kama anaweza kufunga na kama dawa zihamishiwe wakati wa futari au daku. Kifua kikirudi kubana, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Wallaahu a'lam.