MII: herufi tatu zinazofungua karibu kila cheti

Je, wajua kwamba karibu kila cheti kinacholinda tovuti, ukikifungua kama maandishi, huanza na herufi MII? Kiwe cha benki, cha gazeti au cha chuo, ni MII.

Tuanze na cheti chenyewe. Mkazi wa Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, akienda mahali asipojulikana huombwa barua ya mtendaji wa kijiji. Anayeipokea hamjui mgeni wake, anauamini muhuri. Simu nayo haiijui tovuti, ila inawajua wakubwa wa kutia sahihi, na orodha yao imo ndani yake tangu inatoka dukani. Cheti hubeba jina la tovuti, ufunguo wa hadhara, tarehe ya kuisha muda na sahihi ya aliyekitoa. Ufunguo wa siri ni faili jingine, nalo halitoki kwenye seva. Muhuri wa mpira fundi wa mjini anaweza kuuchonga upya kabla ya chai ya saa nne. Sahihi hii ni hesabu, haichongeki.

Cheti hukaa kati ya mistari miwili, BEGIN CERTIFICATE na END CERTIFICATE, yenye vistari vitano kila upande. Mtindo huo huitwa PEM. Ulibuniwa kwa ajili ya barua pepe za siri, na kanuni zake zikatolewa mwaka 1993. Barua hizo hazikushika. Bahasha yake ndiyo iliyobaki. Kwa kuwa barua pepe za wakati ule zilipitisha maandishi tu, kila baiti tatu hugeuzwa kuwa alama nne kutoka kapu la alama 64: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama ya kujumlisha na mkwaju.

Na MII? Baiti ya kwanza ya cheti ni 48, yaani "hapa unaanza mkusanyo". Ya pili ni 130, yaani "urefu wake umo katika baiti mbili zinazofuata". Zigeuze hizo pamoja na mwanzo wa urefu, utapata M, I na I.

Programu maarufu ya kusoma faili hizi ni OpenSSL. Ni programu huria, iliyozaliwa 1998 kutokana na SSLeay ya Eric Young na Tim Hudson, na msimbo wake yeyote mwenye kompyuta anaweza kuusoma, hata akiwa Farkwa huko Chemba. Mwaka 2006 watunzaji wa Debian, mfumo huria wa kompyuta, waliondoa humo mstari uliolalamikiwa na programu ya ukaguzi. Kumbe ndio uliokuwa ukitia ubahatishaji kwenye funguo! Funguo za aina na ukubwa mmoja, kwenye aina moja ya kompyuta, zikabaki 32,768 tu, idadi ambayo mwizi anaijaribu yote bila kutoka jasho. Mtaalamu wa programu Luciano Bello aliligundua kosa hilo mwaka 2008. Husemwa kwamba msimbo ulio wazi hulindwa na macho mengi. Macho yalikuwepo, yalichukua karibu miaka miwili.

Turudi kwenye MII: herufi ya nne nayo husema. MIID ni cheti chenye baiti 768 hadi 1,023 baada ya zile nne za mwanzo. MIIE ni 1,024 hadi 1,279. Fundi aliyezoea huupima uzito kwa jicho, kama mnunuzi wa alizeti anayeliinua gunia kidogo kabla ya kuliweka kwenye mizani.