Upatanishi, Usuluhishi na Uamuzi katika Mashauri ya Ndoa

Mtu akisema kuwa mzee fulani "ameamua ugomvi", huenda ana maana kuwa mzee huyo amewaachanisha waliokuwa wakipigana. Huenda pia ana maana kuwa amezisikiliza pande mbili na kutaja mwenye haki. Katika mazungumzo ya kila siku maana hizo hukaa pamoja bila taabu. Katika hati ya kisheria, hasa ihusuyo ndoa, kuzichanganya kwaweza kumpotosha raia. Makala hii inakusudia kutenganisha istilahi tatu zinazokaribiana: upatanishi, usuluhishi na uamuzi.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa mume na mke upelekwe kwanza mbele ya baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya ombi la talaka kufikishwa mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kama vile mwenzi kumtoroka mwenzake na kutojulikana aliko. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wanandoa huitwa, na kila mmoja hupewa nafasi ya kusikilizwa.

Baraza hilo halina mamlaka ya kuvunja ndoa. Likishindwa kuwapatanisha wanandoa, hutoa hati ya kueleza hivyo, na laweza kuambatisha mapendekezo juu ya matunzo, mgawanyo wa mali na malezi ya watoto. Hati hiyo huambatanishwa na ombi la talaka, nayo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya ombi kufunguliwa.

Hapo ndipo uzito wa istilahi unapoonekana. Tuchukue mfano wa mke aliyekabidhiwa karatasi yenye kichwa "Uamuzi wa Baraza". Ni rahisi kwake kudhani kuwa shauri limekwisha na kwamba yu huru kuolewa tena. Kumbe kisheria bado ni mke wa mtu, na ndoa hiyo ya pili haitakuwa na nguvu. Vivyo hivyo, "mapendekezo" yakiandikwa "amri", mume aweza kuondoka katika nyumba ambayo mahakama haijasema lolote juu yake.

Kwa hiyo basi, mfasiri na ajiulize swali moja: neno la mwisho ni la nani?

Upatanishi, kutokana na kupatana, ni kazi ya kuurudisha uhusiano uliovunjika. Shabaha yake ni wagombanao wakae tena kwa wema. Usuluhishi, kutokana na suluhu, ni kazi ya mtu wa tatu kuwasaidia wenye mgogoro wafikie makubaliano yao wenyewe, hata kama wamekubaliana kuachana na kugawana mali. Katika yote mawili neno la mwisho ni lao. Katika uamuzi, neno la mwisho ni la mwamuzi, nalo huwafunga.

Matumizi rasmi hayajatulia. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2004, imeyatenga maneno haya kama tulivyoeleza. Lakini Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inahusu utaratibu ambao mtu wa tatu hutoa tuzo yenye kuwafunga wahusika, yaani ule ambao Tume huuita uamuzi.

Hatupendekezi kubadili jina la baraza la ndoa, kwani limekwisha zoeleka, ingawa kazi yake kubwa ni upatanishi. Tunachopendekeza ni kwamba waandikao barua na hati za baraza waepuke maneno "uamuzi", "hukumu" na "amri", na watumie "maoni", "mapendekezo" na "hati ya kushindwa kusuluhisha". Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mwananchi sasa anaisoma karatasi yake mwenyewe, na atatenda kama alivyoielewa.