Ordinateri Mpya, Programu ya Zamani: Tulinde Majina ya Wabatizwa



Kuna swali linalotufikia kutoka parokia zaidi ya moja: tumepata ordinateri mpya, lakini programu tuliyoandikia wabatizwa tangu miaka mingi inakataa kufunguka. Je, imeharibika?

Mara nyingi haikuharibika. Lugha ndiyo imebadilika. Kila ordinateri ina prosesa, ndiyo akili yake, na kila jamii ya prosesa inaelewa amri za namna yake tu. Anayetunga programu anaandika maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma, yaani msimbo chanzo. Kisha programu nyingine, kompaila, inayatafsiri kwa lugha ya prosesa. Kwa kawaida sisi tunapokea ile tafsiri tu.

Wasomaji wa Biblia tunaelewa jambo hili. Anayetafsiri Maandiko kwa lugha mpya anarudia Kiebrania na Kiyunani. Vivyo hivyo, anayehamisha programu anarudia msimbo chanzo. Ukipotea, mara nyingi ni kuanza upya.

Hata ukiwepo, kazi ipo. Prosesa ya biti 32 inaandika anwani ya kumbukumbu kwa baiti 4, hivyo anwani zake haziwezi kupita 4,294,967,296. Prosesa ya biti 64 inatumia baiti 8. Kama mtungaji alitenga nafasi ya baiti 4 tu, anwani inakatwa, na programu inaanguka au inasoma mahali pasipo pake. Na programu za biti 16, za siku za DOS, hazifunguki katika Windows ya biti 64 bila chombo cha kuigiza mashine ya zamani.

Madaraja ya namna hiyo yanasaidia, lakini kwa muda. Mwaka 2006 Apple ilipohamia prosesa za Intel, iliweka mkalimani aitwaye Rosetta ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Mwaka 2011 mfumo wake mpya ulitoka bila mkalimani huyo. Daraja ni la kuvukia, si la kujengea nyumba.

Kwa hiyo tunawasihi makatibu na wazee wa kanisa:

- Mnapomlipa mtu awatungie programu, mwombeni pia msimbo chanzo, na muutunze mahali pawili.
- Toeni majina yote katika faili ya maandishi ya kawaida, inayofunguka popote.
- Jaribuni programu iliyohamishwa kwa nakala, kamwe si kwa daftari lenyewe. Linganisheni idadi ya majina na tarehe.
- Msiitupe mashine ya zamani kabla ya kuhakikisha.
- Daftari la karatasi liendelee.

Kwa familia iliyokimbia vita ikaacha karatasi zote nyumbani, jina katika daftari la kanisa linaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki.

Mfalme Yehoyakimu alipochoma gombo la Yeremia, Baruku aliliandika tena (Yeremia 36). Iliwezekana kwa sababu aliyetamka maneno yale alikuwa bado hai. Tutunze chanzo, wapendwa, ili siku mashine inapokufa, majina ya watu wa Mungu yasife nayo.

Bwana awabariki.