Valizi ya wenye kutumika mu ndeke: muzigo mudogo, akili mingi

Kila mutu mwenye alishafika ku uwanja wa ndeke ya Luano aliona jambo hili. Wasafiri wanasukuma mizigo mpaka jasho inatoka. Wengine wanafungula valizi chini, mbele ya mizani, wanatosha viatu, unga na vikwembe juu ya kupunguza kilo. Kando yao piloti na wafanyakazi wa ndeke wanapita pole pole, kila mutu na kavalizi kamoja kenye magurudumu na kasakoshi kamoja juu yake. Basi, ni paka ile.

Juu ya nini muzigo yao iko mudogo vile? Haiko kusema hawana vitu ku nyumba. Kazi njo iliwafundisha. Na mafundisho yao inaweza kusaidia jamaa za watu wa mine, maana siku hizi wengi kati yetu tunapanda ndeke: kwenda kwa munganga ku Kinshasa, kupeleka mutoto ku masomo, ao kufika ku kilio.

Kwanza tuseme juu ya magurudumu. Zamani wao pia walibeba valizi kwa mukono, sawa watu wote. Mu mwaka 1970, Bernard Sadow, Mumarekani mwenye kutumika mu kampuni ya valizi, alitia magurudumu 4 chini ya valizi na kamba ya kuivuta. Lakini valizi ile ililala, ikayumba, ikaanguka mara kwa mara. Kiisha, mu 1987, Robert Plath, piloti wa kampuni ya Northwest Airlines, aliisimamisha. Akatia magurudumu 2 na mukono murefu wa kuvuta. Aliuzisha kwanza kwa piloti na wafanyakazi wenzake. Wasafiri wakawaona wanapita bila kuchoka, nao wakataka yao. Plath akaanzisha kampuni ya valizi, Travelpro, na akaacha kazi ya ndeke. Watu wa mine watafahamu jambo hili mbio: mwenye kushika chombo kila siku njo anajua fasi gani inaumiza.

Jambo la pili ni kilo. Ndeke inakula mafuta juu ya kubeba kila kitu chenye kuwa ndani. Njo maana hata mwili wa piloti unahesabiwa: mu kanuni za Ulaya, piloti mumoja na muzigo wake wa mukono wanahesabiwa kilo 85, na muhudumu wa wasafiri na wake kilo 75. Zamani piloti alikuwa na sakoshi ingine nzito yenye kujaa vitabu na karte za njia. Ku kampuni ya American Airlines, sakoshi ile ilipita kilo 15. Mu 2013 kampuni ile ikamaliza kuweka karatasi zile zote mu kompyuta ndogo ya mukononi. Kilo zikabaki chini, na migongo ya watu ikapumuzika.

Sasa mu kavalizi kale muko nini? Shati ya kubadilisha, viatu, vitu vya kuoga, vitabu vya kazi. Mu kasakoshi kadogo muko vitu vyenye mutu hawezi kukosa: paseporo, karatasi za kazi, dawa, miwani, franga, na torishi. Kasakoshi kale hakaendake chini na mizigo mikubwa. Kama safari iko ya mbali na wanalala siku nyingi, valizi kubwa inaenda chini na alama ya kuonyesha ni ya wafanyakazi, lakini dawa na karatasi zinabaki karibu na mwenyewe. Mutu mwenye zamu ya kungojea kuitwa anafunga valizi mbele ya kulala, sawa vile mutu wa posti ya usiku anatayarisha kaske na taa yake mapema. Na juu kampuni inagawanya valizi za namna moja, wanafunga kitambala cha rangi ku mukono wa valizi, wasibebe ya mwenzao.

Kuko pia sheria moja nguvu: hawabebee mutu koli yenye hawajui ndani yake. Kwetu kukatala kunaleta aibu. Shangazi analeta mufuko, anasema, «Mwanangu, ni kasamaki tu, kuko mutu atakungojea.» Kama ni wa jamaa, fungula mbele yake, uone na macho yako. Kama ni mutu hamujuane, katala kwa heshima. Ku duane jina litaandikwa ni lako, haiko lake.

Kuko tena jambo moja lenye kutugusa sisi watu wa Katanga: bateri. Bateri nyingi za telefone zina kobalti, na kobalti mingi ya dunia inatoka mu udongo wetu. Bateri yenye kuharibika inaweza kushika moto, na moto ile haizimike mbio. Tarehe 3 septemba 2010, ndeke ya mizigo ya kampuni UPS ilitoka Dubai na bateri mingi ndani. Moto ilitokea mu mizigo ile, ndeke ikaanguka, na piloti 2 wakakufa. Toka tarehe 1 aprili 2016, OACI imekataza ndeke za wasafiri kubeba bateri za litiumu peke yake sawa bidhaa. Njo maana wafanyakazi wa ndeke wanabakia na bateri zao za kuchajia telefone pamoja nao, hawazitie mu valizi ya chini. Ikianza kutoa moshi kule juu, watu wataona, watazima, watamwanga maji mpaka ipoe. Kule chini, nani ataiona?

Lakini fundisho kubwa ni la kuacha muzigo. Ndeke kubwa inapaswa kuonyesha kama watu wote wanaweza kutoka mu sekonde 90, hata kama nusu ya milango imefungwa. Valizi mu mikono inaziba njia, na gurudumu inaweza kupasula ile ngazi ya mupira yenye watu wanatelezea.

Tarehe 2 januari 2024, ku uwanja wa Haneda, Tokyo, ndeke ya Japan Airlines ilikuwa inashuka. Ikagongana na ndeke ndogo ya walinzi wa bahari. Watu 5 kati ya 6 wa ndeke ndogo walikufa. Ndeke kubwa ilishika moto, na ndani yake mulikuwa watu 379, kati yao wafanyakazi 12. Chombo cha kutangazia kiliharibika, wafanyakazi wakapaza sauti. Kati ya milango 8, paka 3 njo ilitumika. Wasafiri waliacha mizigo ndani, na wafanyakazi vilevile. Watu wote 379 walitoka wazima. Mukubwa wa ndeke alitoka wa mwisho, dakika 18 nyuma ya kushuka. Ndeke iliungua yote, na valizi ndani yake.

Watu wa mine wanajua sheria hii. Kengele ya hatari ikilia chini ya udongo, hakuna mwenye anarudi juu ya koti ao chakula chake. Mu ndeke ni vilevile, lakini bibi na watoto hawakusikia kengele ile hata siku moja. Basi mbele ya safari, baba na mama, mukae nao, muwaambie: dawa na paseporo zinabaki ku mwili, mu kasakoshi ka shingo. Na kama wanapiga kelele «Tokeni!», tunashikana mikono, hatushike valizi.