Kompyuta Zetu (4): Ctrl+Z Inapofunga Barua

Wiki iliyopita tulizungumzia kuhifadhi mafaili kabla ya kuiaga Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Leo tuingie kwenye lalamiko linalofuata baada ya kazi hiyo. Katika vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi hapa Ruziba, Bujumbura, huja hivi: mtu anaandika barua ya kuomba kazi, anakosea neno, anabonyeza Ctrl na Z ili atengue, na dirisha la barua linafungwa. Asiposoma vizuri lile swali la kuhifadhi, jasho lake limepotea. Mwenzake anayetumia LibreOffice anabonyeza Ctrl na A achague maandishi yote, na programu nzima inaondoka. Fundi akiitwa anasema Windows mpya ni mbovu. Mara nyingi haina ubovu wowote.

Kitufe unachokibonyeza hakipeleki herufi kwenye kompyuta, kinapeleka namba ya mahali kilipo. Kitufe cha pili kutoka kushoto, safu ya juu ya herufi, Windows inakijua kwa namba 17, iwe juu yake pamechapwa Z au W. Jedwali lililomo ndani ya Windows ndilo linaloamua namba hiyo isomwe vipi. Jedwali la Kifaransa linasoma Z, la Kimarekani linasoma W. Yale maandishi meupe juu ya plastiki ni ya macho yako tu, kompyuta haiyaoni.

Kibodi nyingi za Bujumbura ni AZERTY, urithi wa shule na ofisi zilizoendeshwa kwa Kifaransa. Fundi akisimika Windows upya kwa flashi yenye toleo la Kiingereza cha Marekani, akakubali kila anachoulizwa bila kusoma, ameiachia mashine jedwali la QWERTY. Tangu hapo A na Q zimebadilishana, Z na W vilevile, na M iliyo kando ya L inatoa nukta mkato. Ctrl+W ni amri ya kufunga dirisha, na katika LibreOffice Ctrl+Q ni ya kufunga programu. Kompyuta imetii kabisa, ila imetii amri usiyoikusudia.

Hatari hii ina historia yake. Kompyuta ya Lisa, iliyotolewa na Apple mwaka 1983, ilitumia Z, X, C na V kwa kutengua, kukata, kunakili na kubandika. Kwenye kibodi ya Kimarekani herufi hizo nne zimepangana chini kushoto, mkono mmoja unazitosha. Kwenye AZERTY, W ndiyo iliyokaa mahali pa Z. Aliyepanga hakuwa na Bujumbura akilini, wala Paris.

Kipimo ni chepesi. Fungua Notepad uandike neno "azima". Likitoka "qwi;q", usipoteze muda kuondoa na kurudisha programu, maana tatizo ni jedwali. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, ongeza mpangilio wa kibodi ya Kifaransa, kisha uondoe ule wa Kimarekani. Wengi huongeza wakaishia hapo, na kesho yake tatizo limerudi, kwa sababu Alt ya kushoto ikibonyezwa pamoja na Shift inaweza kuhamisha mpangilio bila mtu kujua. Kibanda chenye wateja wa kibodi zote mbili kibaki na mipangilio yote miwili, lakini mwenye kuandika aitazame kwanza alama ya lugha kwenye kona ya chini kulia.

Katika orodha utakuta Kifaransa cha Ufaransa na cha Ubelgiji. Kwa Ctrl+Z ni mamoja. Tofauti utaiona kwenye @, ambayo kwenye kibodi ya Ufaransa imechapwa kwenye kitufe cha 0 na kwenye ya Ubelgiji kitufe cha 2. Itazame kibodi yako kabla ya kuchagua. Kumbuka pia kwamba ukurasa wa kuingilia una mpangilio wake wa pekee. Kwenye AZERTY tarakimu za safu ya juu hutaka Shift, kwa hiyo ukurasa huo ukibaki kwenye jedwali lingine, nenosiri sahihi kabisa linaweza kukataliwa.

"Azima" ikitoka sawasawa na bado amri zinakataa, angalia lugha ya programu yenyewe. Word ya Kifaransa hukoleza maandishi kwa Ctrl+G, ya Kiingereza kwa Ctrl+B. Aliyebadilishiwa Word kutoka lugha moja hadi nyingine atadhani kibodi imekufa, na hapo hakuna cha kutengeneza ila vidole kujifunza upya.

Linalosumbua zaidi ni AltGr, kitufe kinachotumika kutoa alama kama @ na ile ya euro. Windows huihesabu kuwa ni Ctrl na Alt kwa pamoja. Programu iliyokuja na toleo jipya, tuseme ya kuendesha skrini, ikijitwalia Ctrl+Alt+E kwa shughuli zake, alama ya euro haitoki tena, na ikijitwalia Ctrl+Alt+0, mwenye kibodi ya Ufaransa hawezi kuandika anwani ya baruapepe. Zifunge programu zinazojificha karibu na saa, moja baada ya nyingine, ukijaribu kila mara. Ukimpata mwizi, fungua mipangilio yake uzime njia zake za mkato.

Wenye vibanda, kabla hamjamlipa fundi aliyewasimikia Windows mpya, mwambieni akae aandike sentensi nzima yenye A, Z, M, tarakimu na @ mbele yenu. Wiki ijayo tutaishughulikia printa inayokataa kutambuliwa.