Kimya cha Kompyuta

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Juma hili nitawasimulia kimya cha kompyuta ambacho nusura kinitoe kazini.

Ofisi niliyokuwa nikiitumikia ilikuwa na matawi 12. Kila usiku kompyuta ya makao makuu ilitakiwa kuiamuru kompyuta ya kila tawi itengeneze nakala ya hesabu za siku. Niliandika orodha ya matawi katika faili moja, kila tawi na mstari wake. Kisha nikaandika amri za mzunguko: soma mstari, ingia tawi hilo kwa programu ya ssh, tengeneza nakala, rudi usome mstari unaofuata. Asubuhi sikukuta ujumbe wowote wa kosa. Nikaridhika.

Baada ya majuma matatu, diski ya tawi la saba ikafa. Kutafuta nakala, hakuna! Tawi la kwanza peke yake ndilo lililokuwa nazo. Makarani wa tawi la saba walikesha siku nne wakiandika upya hesabu kutoka katika vitabu vya risiti, nami sikuweza kuwatazama usoni.

Kulikoni? Ssh, iliyotungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, hupeleka amri yako kwenye kompyuta ya mbali. Lakini pia husoma chochote kinachoingia upande wako na kukipeleka huko, ikidhani kinahitajika. Katika mzunguko wangu, kilichokuwa kikiingia ni ile orodha yenyewe.

Chukueni mfano wa mtoto aliyetumwa kualika watu harusini, akiwa na karatasi ya nyumba 12. Nyumba ya kwanza mwenyeji anaichukua karatasi yote na kubaki nayo. Mtoto anajitazama mikononi, haoni jina jingine, anarudi nyumbani na kusema, "Nimemaliza." Hakusema uongo. Ndiyo maana hapakuwa na kosa.

Nilimnasa mwizi hivi: niliondoa ssh, nikaweka echo, amri inayoandika tu jina la tawi kwenye kioo. Yakatokea majina yote 12. Niliporudisha ssh, likatokea moja.

Dawa yake ni herufi moja. Andika ssh -n, nayo itasoma /dev/null, faili lisilo na kitu daima. Kuongeza < /dev/null mwishoni mwa amri hiyo huleta matokeo yale yale. Lakini ikiwa kweli unataka kupitisha data ndani ya ssh, dawa hii itaizuia. Hapo orodha na isomwe kwa mlango mwingine, kama ule wa namba 3.

Siku hizi kila asubuhi nahesabu nakala na kuzilinganisha na mistari ya orodha. Ndugu zangu, mtumwa akirudi kimya, msiseme kafika kote. Muulizeni kafika nyumba ngapi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.